Mti Mmoja wa Pamanenti

Harufu ya maka peni mpya hunipanda kichwani kabla sijaandika hata herufi moja. Kila muhula unapofunguliwa hapa Bunda ninapofundisha, hukaa chini nikazungukwa na ndoo, mafagio na vikombe vya uji, nikaandika jina la darasa langu juu ya kila kimoja, kwa sababu kitu kisicho na jina pale shuleni huota miguu. Muhula huu msichana mmoja wa darasa la tatu aliniletea kikombe chake, akaiokota ile kalamu na kusoma maandishi ya ubavuni silabi kwa silabi, jasho likimtoka. "Mwalimu," akauliza, "pamanenti ndiyo nini?"

Nilitaka kumjibu upesi, kama tunavyojibu walimu, kwamba ni kitu cha kudumu, kisichofutika. Badala yake nilibaki nimeshika kikombe, harufu ya wino puani, nikitabasamu peke yangu. Mtoto wa watu akadhani namcheka. Nikamwambia jibu lake ni refu, nitampa siku nyingine. Ninyi nitawapa sasa hivi.

Mimi neno hilo nililijua kabla sijajua Kiingereza. Nililijulia Buhare, ukingoni mwa Musoma, nikiwa na miaka tisa, na nililijua kwa sababu lilikuwa kwenye karatasi iliyotukataza mimi na mama yangu jambo moja.

Baba alifariki nikiwa na miaka minane. Kwao ni upande wa Butiama, na sisi tuliishi hukohuko katika mji wa babu, nyumba yetu ikitazamana na ya baba mkubwa. Msiba ulipokwisha wazee walikaa, wakaamua kama walivyozoea kuamua: mama arithiwe na baba mkubwa. Sitamsema vibaya baba mkubwa. Alikuwa mpole, alitupenda, na nadhani yeye mwenyewe hakulitaka sana jambo hilo kwa kuwa mke wake alikuwa na mdomo. Lakini mama alisimama mbele ya wale wazee akasema hapana, mara moja, bila kulia, kisha akaingia ndani kufunga vitu. Hawakumgombeza. Walimwambia tu: "Nenda. Mji ukikushinda utarudi, na ukirudi utafanya tunavyotaka." Tulihama na maneno hayo hadi Musoma, na kila tulipokosa kitu niliyasikia upya kichwani.

Mama akaanza kukaanga panki, yaani kile kinachobaki kwa sangara baada ya minofu kwenda kiwandani, kichwa na mfupa wa mgongo wenye nyama kidogo ya kung'ang'ania. Aliuza Mukendo, kando ya barabara, na mpaka leo nikipita mahali panapokaangwa samaki hujikuta nanusa nywele zangu. Pa kulala tulipewa na Bibi Perusi. Huyu alikuwa mjane aliyeimba pamoja na mama kwenye kwaya ya akina mama kanisani, mfupi, mkavu, mwenye sauti nzito ya kiume ambayo hakuna mwalimu wa kwaya aliyethubutu kumwambia aipunguze. Alikuwa na eneo kubwa pale Buhare. Nyumba yake ilikuwa juu, na chini, karibu na korongo, kulikuwa na kijumba cha tope cha vyumba viwili kilichobaki wazi. Wakakubaliana kwa mdomo: sisi tutakaa humo, mama atalima shamba la chini na mavuno watagawana, na mimi nitamchotea bibi maji.

Makubaliano yangebaki ya mdomo kama si Manyama. Manyama alikuwa mtoto wa kwanza wa Bibi Perusi. Alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli Bunda, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi hata siku ya kubeba matofali. Aliposikia kuna wageni kwenye ardhi ya baba yake alikuja siku hiyohiyo, akamchukua balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Masatu, wakashuka wote wawili hadi mlangoni kwetu. Mzee Masatu aliandika mkataba juu ya goti, polepole, ulimi ukichungulia pembeni ya mdomo. Mstari wa mwisho ulisema kwamba mkaaji haruhusiwi kujenga wala kupanda kitu chochote cha pamanenti. Mama aliusoma mara mbili, kisha akauliza maana ya lile neno.

"Ni kitu ambacho hakiondoki," Manyama alisema. "Nyumba ya tofali. Mti. Mama Nyangeta, mimi sina ubaya na wewe. Limeni, kuleni. Ila watu huwa wanaanzaga na mti mmoja, kesho utasikia hapa ni kwetu."

Hakuwa anatutukana. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu, na kwa sehemu nyingi bado iko hivyo. Ukiazimwa shamba unaweza kulima mahindi, mtama, viazi, hata mihogo inayokaa ardhini karibu miaka miwili, na hakuna atakayekuuliza. Hayo yote huvunwa yakaisha. Lakini ukipanda mti umetangaza kwamba hapo ni pako, na mwenye ardhi akinyamaza wakati mti unakua, siku ya kesi watamwuliza alikuwa wapi. Mama alilijua hilo tangu tumboni mwa mama yake. Alitia sahihi kwa jina lake lote, la ubatizo na la ukoo, na ule mkataba ukabandikwa nyuma ya mlango wetu.

Kuanzia siku hiyo nililisikia lile neno kila mahali, kama vile watu wote walikuwa wamelificha wakingoja nilijue. Nyumba ya pamanenti ilikuwa ya tofali za kuchoma, sakafu ya simenti na bati lisilo na kutu. Yenye ukuta wa tope na bati juu iliitwa semi pamanenti, na wenye nayo walilitamka lile semi kwa sauti ndogo. Kazi ya pamanenti ilikuwa ile ambayo mtu akiumwa mwezi mzima bado jina lake linabaki kwenye orodha, na wengine wote walikuwa vibarua. Shuleni tulikuwa na walimu wa pamanenti na walimu wa kujitolea, na sisi watoto tulijua upesi ni yupi wa kumwogopa. Saluni za Mukendo zilikuwa na dawa ya nywele iliyoitwa hivyohivyo, ingawa mvua mbili zikishanyesha nywele zilirudi zilikotoka. Na kulikuwa na jirani yetu mmoja mchangamfu ambaye kila mara tulimwona na shemeji mpya, mpaka akina mama wa kwaya wakaanza kusema huyu tumwombee apate wa pamanenti.

Siku moja mama akinisuka nilimwuliza yeye angelieleza vipi. Alimaliza kwanza msuko mzima. Kisha akasema, "Ni kitu ambacho hata mtu akikukasirikia hakiondoki." Nimefungua kamusi nyingi tangu hapo, na nyingine nimezinunua kwa fedha yangu, lakini sijaona iliyosema vizuri kuliko mama.

Kwa kipimo hicho sisi hatukuwa na kitu. Nyumba ilikuwa ya Bibi Perusi, shamba lake, hata kitanda tulikikuta. Mimi nilikuwa mtoto mwenye kiburi, na sioni haya kulisema, kwa kuwa kiburi hicho nilikirithi kwa mtu ninayemheshimu. Jambo hilo lilinikera kimyakimya hadi siku niliyogombana na Tabitha tukicheza rede. Tabitha alikuwa rafiki yangu. Baba yake alikuwa wa pamanenti ofisini, na nyumba yao ilikuwa ya pamanenti mpaka chooni. Nilimpiga mpira mgongoni, akakataa kutoka, nikamwambia ni mwongo, naye akaniambia mbele ya wote: "Nyie si mnakaaga tu hapo. Mama amesema mtahama." Sikumpiga. Wanaonijua watashangaa, lakini sikumpiga. Niliondoka, nikasahau hata viatu vyangu.

Wiki hiyohiyo mteja wa mama alimpa kipande cha fenesi kinene. Tulikila jioni, nje, utomvu ukitunasa vidole hadi mama akatupaka mafuta ya kukaangia ndipo vikaachana. Utamu ule, na ile harufu inayojaa uwanja mzima na kuwaita nzi wa mtaa wa pili! Mbegu mama aliziosha azichemshe, maana mbegu za fenesi nazo ni chakula na kwetu hakikutupwa kitu. Mimi nikaficha moja shavuni. Kesho yake nilipotoka kumpelekea bibi maji nilipenya katikati ya mihogo, mahali ambapo mtu akisimama kwa Bibi Perusi haoni na akisimama kwetu haoni, nikachimba kwa kijiti, nikaifukia.

Niseme ukweli, maana nyote mmenyamaza mnanisikiliza: nilijua ninachofanya. Nilikuwa nimeusoma ule mkataba mwenyewe, kila asubuhi nikifunga mlango ulinitazama. Nilijitetea kwamba mbegu si mti, na kwamba kama haitaota basi sijavunja chochote. Iliota. Siku nilipokuta majani mawili yamesimama pale, mazito, yanang'aa kama yamepakwa mafuta, nilikaa chini kwenye udongo kwa furaha na woga.

Kila jioni nilipotoka juu kwa bibi nilibakiza maji kidogo kwenye ndoo, nikapita katikati ya mihogo na kuyamwaga pale. Mihogo ilirefuka ikanificha kabisa. Mti ulinifika kwenye kifundo cha mguu, kisha gotini, na mwaka uliofuata ulikuwa unanifika kiunoni, majani yake mapana tofauti kabisa na yale ya muhogo yenye vidole. Nilikuwa nausimulia habari za shule. Tabitha tulishapatana, na alipojisifia nyumba yao nilimwacha ajisifie, kwa kuwa nami nilikuwa na kitu.

Kisha mvua ya upepo ikaja. Ilitoka ziwani mchana wa Ijumaa, ikang'oa mabati mawili ya kanisa, na ikalaza mihogo yote ya shamba la chini, ikalala upande mmoja. Asubuhi yake nilitoka nje, nikatazama bondeni. Katikati ya mihogo iliyolala, mfenesi wangu ulikuwa umesimama peke yake. Nilikuwa bado nafikiri niukimbilie niufunike na nini, nilipoona shati lililopigwa pasi likishuka kilima. Manyama alikuwa amekuja kutazama kama paa la mama yake limesalimika.

Hakupiga kelele. Aliuzunguka mti, akatuma mtu amwite Mzee Masatu, akasimama akingoja. Majirani waliokuwa wanainua mihogo yao iliyoanguka waliiacha wakaja. Mama alikuwa jikoni, akatoka akifuta mikono kwenye kanga.

"Mama Nyangeta," Manyama alisema, "hiki ni nini?"

Mama aliutazama mti. Nilidhani anauona kwa mara ya kwanza. Kisha akanitazama mimi, nami nikatazama chini.

"Ni mfenesi."

"Hata mimi naona ni mfenesi. Kaupanda nani?"

"Ni mimi," mama akasema.

Mniamini, sijawahi kusikia maneno mawili yaliyonipasua vile. Niliona wazi yatakayofuata: vitu vyetu vimefungwa, basi la Butiama, wale wazee wamekaa kwenye viti vyao wakimngoja mama. Alichokikataa akiwa amesimama wima angekipokea akiwa ameinama, na angekipokea kwa sababu ya mbegu niliyoificha shavuni. Nilisema, "Siyo mama, ni mimi," sauti ikatoka ndogo, nikaona haitoshi, nikarudia kwa ukelele hadi kuku wakakimbia. "Ni mimi! Mbegu niliificha mdomoni!"

Watu wakacheka. Manyama hakucheka. "Mtoto hapandagi mti bila kutumwa," alisema. "Mzee Masatu, wamevunja mkataba, umeona kwa macho yako. Andika waondoke mwisho wa mwezi."

Mzee Masatu alitoa kalamu mfukoni, akaitikisa. Hapo ndipo tulipomwona Bibi Perusi anashuka. Alishuka kwa fimbo, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine, na kwa vile ni mkubwa ilibidi wote tumngoje, hata hasira ya mwanawe ikangoja.

"Mnagombania mti wangu?" akauliza alipofika, kwa ile sauti yake ya kwaya.

"Mama, rudi ukapumzike. Haya niachie mimi."

"Nimeuliza. Mnagombania mti wangu?"

"Mti wako kivipi?"

"Huyu mtoto nilimtuma mimi. Mbegu nilimpa mimi."

Nilifungua mdomo kumsahihisha, kwa kuwa ile mbegu ilikuwa yangu na nilijua ilikotoka. Mama akanikanyaga mguu, na hakukanyaga kidogo.

Manyama alimgeukia mama yake. "Mama," akasema taratibu, "tangu lini wewe unapandaga miti?"

"Tangu huo."

Kicheko kikakatika. Wanaume watu wazima waliokuwa pale wakaanza kutazama vidole vya miguu yao, na akina mama wawili watatu wakasogea mbele kidogo. Mimi nilidhani wameshangazwa na uongo wa bibi wa kanisani. Manyama angeweza kusema mama yake anadanganya, lakini mbele ya watu, na mchana vile, ni mtoto gani wa kwetu angelitamka hilo?

"Mzee Masatu, kalamu unayo?"

"Ninayo, mama."

"Basi andika. Mti mmoja, wa Perusi. Na uweke na lile neno lenu."

"Neno gani tena?"

"Lile mlilomwandikia huyu mwenzangu. La kutoondoka."

Mzee Masatu akamtazama Manyama. Manyama akatazama mihogo iliyolala. Ulimi wa balozi ukatoka pembeni ya mdomo, na akaandika, akilitamka kila neno kwa sauti: mti mmoja wa pamanenti, mali ya Perusi. Bibi akaweka dole gumba, akaipuliza karatasi ikauke, akaikunja mara nne na kuitia kifuani. Manyama aliondoka bila kula, jambo ambalo kwetu si dogo, na mama akarudi jikoni kwenye panki zake zilizokuwa zimeanza kuungua.

Tuliokoka. Lakini mnataka kujua nilijisikiaje siku ile? Nilijisikia nimeibiwa. Mti nilioulea mwaka mzima na nusu ulikuwa umechukuliwa mbele ya macho yangu, na mwizi wake alikuwa anaimba kwaya. Jioni nilipompelekea maji nilimwekea ndoo chini kwa kishindo. Bibi Perusi akaniangalia, akasema, "Usipite tu. Kaumwagilie mti wangu," na nikaenda huku nanung'unika. Niliumwagilia mti wa mwingine kwa miaka mitano, mpaka mama alipopata kiwanja Bweri na kuanza kupandisha nyumba, tofali kwa tofali, chumba kimoja kwanza, kwa panki na kwa ubishi. Nyumba hiyo ni ya pamanenti. Siku tuliyohamia mama alivua viatu akatembea juu ya simenti, kona hadi kona.

Nikiwa sekondari ndipo nilipoelewa kwa nini wanaume wale walitazama chini. Bibi Perusi aliolewa pale akiwa msichana. Alilima ardhi ile maisha yake yote, alizalia pale, alimzikia mume wake pale, na miti yote iliyokuwepo, minyonyori ya mpakani hadi milimao ya nyuma ya nyumba, ilikuwa imepandwa na mume wake na watoto wake wa kiume. Yeye hakupanda hata mmoja. Mwanamke aliyepanda mti kwenye ardhi ya ukoo wa mumewe aliulizwa anataka kumnyang'anya nani. Alikuwa amekaa pale kwa masharti kama yetu, tofauti ni kwamba ya kwake hayakuandikwa.

Sisi tukiwa tumeshahamia Bweri, wanawe walipata mnunuzi wa eneo lile. Walitaka kumpeleka mama yao Bunda akae chumba cha nyuma ya duka. Bibi akaitoa ile karatasi kwenye Biblia. Mnunuzi hakutaka ardhi yenye mti wa mtu mwingine, viongozi wa mtaa wakawaambia vijana wamalizane kwanza na mama yao, na mama yao hakumalizana nao. Alibaki nyumbani kwake mpaka siku alipozikwa hapohapo. Fenesi la kwanza alitutumia Bweri, na aliyelileta alikuwa Manyama mwenyewe, amepakizwa nyuma ya bodaboda, amelikumbatia kama mtoto, utomvu umemharibia shati lote. Aliingia, akaketi, akala ugali wetu hadi akamaliza. Wakati anaaga aliniambia, "Mti wako unazaa," halafu akatoka haraka kabla sijamjibu.

Kwa miaka mingi niliishia hapo nilipoisimulia habari hii, nami niliisimulia kwa kujivuna sana: jinsi nilivyopanda mti kwa siri chini ya pua ya watu wazima, na mti ukaokoa watu. Nilikuja kujua ukweli nilipoanza kazi hapa Bunda. Nyuma ya nyumba za walimu tulipewa vipande vya shamba, nikapanda mihogo yangu ya kwanza. Huko Buhare sikuwahi kuilima, mimi nilikuwa shule, mama alilima peke yake. Basi nilikuwa katika palizi ya pili, nimeinama, jembe linakwenda, nikikata kila kilichoota ambacho si muhogo, maana ndivyo mihogo inavyopaliliwa, hakibaki kitu, na inapaliliwa tena na tena mpaka ifunge. Nikasimama ghafla. Nilikaa chini kwenye tuta mpaka mwenzangu akaniuliza kama naumwa.

Jumamosi nilipanda basi kwenda Musoma, nikachukua bodaboda moja kwa moja hadi Bweri. Nilimkuta mama barazani anachambua dagaa.

"Mama, ule mfenesi ulikuwa unauonaga?"

Hakuinua macho. "Nilikuwa naupaliliaga. Ulidhani unajikulia wenyewe?"

"Tangu lini?"

"Tangu una majani mawili."

"Na mkataba? Na Butiama?"

Hapo mikono yake ikasimama juu ya ungo. Mama yangu si mtu wa kusema alichoogopa, na sikumbuki kama aliwahi kusema kabla ya hapo. "Niliogopa kila siku," alisema. "Siku ya kwanza nililiinua jembe niukate. Halafu jioni nikakuona unatoka kule kwenye mihogo na ndoo yako tupu. Tangu tulipotoka kwa baba yako nilikuwa sijakuona unatembea vile. Ulitembea kama mtu mwenye kwao. Nikasema basi, kama ni kufukuzwa tutafukuzwa, lakini mimi siukati."

Akaendelea kuchambua dagaa wake.